Siku Niliyomwambia Mzee Aamke

Mkinicheka nitaelewa na mkininyamazia nitaelewa zaidi, maana nimeshachekwa Voi na nimeshanyamaziwa Ronge, na kati ya hayo mawili afadhali kuchekwa. Hii aibu nimekaa nayo tangu mwaka jana, kila mtu akiigusia mimi hujifanya nimekumbuka kitu nje, nikatoka, nikasimama tu huko kwenye jua kama mjinga. Leo sitoki. Wacha niiseme mwenyewe, yote, halafu tuiache.

Mimi ni mtu wa kuandika programu za kompyuta (mama yangu aliwahi kutusikia tukisema tunaandika kodi, yaani yale maagizo ya kompyuta, na mpaka leo anawaambia majirani kwamba nakusanya ushuru, ndiyo maana kuna wengine mtaani hawanisalimii vizuri). Tuko wanne kwenye chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Voi mjini, na mimi ndiye kiongozi, si kwa akili nyingi, ni kwa sababu nilitangulia kufika. Programu yetu ni ya tembo. Mkulima wa Chala au Mwatate au huku kwetu chini akiona tembo wanakaribia shamba anatuma ujumbe mfupi, kompyuta yetu inaupokea na hapo hapo inawaarifu majirani wote, watu watoke na masufuria na tochi kabla mahindi hayajaisha.

Hiyo kompyuta inayopokea ujumbe, ile tunayoiita seva, inakaa kwenye kona ya ofisi na ina jina. Inaitwa Mzee. Aliyeipa jina ni Mwakio, kijana mtaratibu wa Ronge, kule milimani, ambaye tangu aanze kazi sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Babake alikuwa mtu wa kulinda shamba, alilala kwenye dungu katikati ya mahindi miaka yote Mwakio akikua, na siku tunaifungua hiyo mashine Mwakio aliiangalia taa zake akasema hii kazi yake ni kukesha tu, basi ni Mzee. Tukacheka, jina likashika. Na mnajua hapa kwetu mtu akisema Mzee, bila kuongeza jina lolote, anamaanisha babake. Nami nilijua, siwezi kusema sikujua.

Sasa ile kazi ilikuwa inatuchosha. Stima ikipotea seva inazimika, ikizimika inatuma onyo la Kiingereza refu, jekundu, lenye maneno ya kutisha, simu zote nne zinalia pamoja, na mtu aliyekuwa ameshika uzi wa kazi yake tangu asubuhi anaupoteza, anaanza upya. Tukawa tunagombana kwa vitu vya ajabu, mara nani amemaliza sukari, mara nani amefunga dirisha. Ndipo nikapelekwa semina Mombasa, semina ya namna ya kuwafanya waandika programu wafurahie kazi, na nikarudi nimebadilika kama mtu aliyeokoka juzi. Kila mtu nikamhubiria, hadi yule mama wa chapati pale chini.

Nilileta mambo mawili. La kwanza ni saa za kimya. Kuanzia asubuhi mpaka chakula cha mchana simu zote zinazimwa na kuwekwa kwenye kikapu cha mkonge, mtu aandike kodi bila kukatizwa. Wenye familia wakauliza je, kukitokea jambo? Nikasema familia zote zipewe namba ya simu ya ofisi, ambayo nitaibeba mimi, na jambo likitokea mimi mwenyewe nitamwambia mwenye jambo. Tukawapa namba yetu. Zao hatukuchukua (hilo nimeliwaza sana, lakini baada ya mambo kuharibika).

La pili ni yale maonyo ya seva. Nikasema tusitishwe na mashine yetu wenyewe, tuongee nayo kama mtu wa nyumbani. Nikakaa chini nikaandika maneno mapya kwa mkono wangu, nikijicheka peke yangu. Seva ikielemewa inatuma kwa simu ya ofisi, "Mzee anakohoa." Ikizimika, betri yake inatuma, "Mzee ametuacha. Msilie, atarudi." Kuirudisha, unaijibu kwa ujumbe wenye neno "amka", nayo inajiwasha, kisha inatuma, "Mzee amefufuka, haleluya." Mshai, dada mmoja wa Wundanyi ambaye ndiye makini kuliko sisi wote, aliyasoma akaniambia kwao kifo hakichezewi namna hiyo. Nikamwambia Mshai, hapa ni kwa kompyuta, si kanisani.

Na nisiwadanganye, mambo yalikuwa mazuri. Kazi ikaenda, ugomvi wa sukari ukaisha, seva ikizimika badala ya kununa tunacheka, mtu anaitikia amina. Mwakio naye alicheka, mwanzoni. Baadaye aliacha kucheka, na mimi sikuona. Babake alikuwa ameanza kuugua kifua. Alikuwa amelazwa akarudishwa nyumbani, na mimi nilikuwa napita nyuma ya kiti cha Mwakio nikisoma kwa sauti, jamani, Mzee anakohoa.

Habari zetu zikafika kwa wafadhili, wakasema tuandae siku moja tuwafundishe wenzetu wa maofisi mengine ya pwani na watu wa kaunti. Nikakodi ukumbi wa hoteli moja hapa mjini. Siku chache kabla, Mwakio akaja mezani kwangu, akaniomba wakati wa saa za kimya abaki na simu yake, kwa sababu ya Mzee. Nami nikamuuliza, "Mzee yupi, huyu wa kwenye kona?" Alitabasamu kwa adabu tu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kama kuna jambo watapiga simu ya ofisi na mimi nitapokea, nikamgonga bega. Alinishukuru, jamani, na akaiweka simu kwenye kikapu.

Mpango wangu wa siku hiyo niliuona wa akili sana. Simu ya ofisi niliiunganisha na projekta, kila kitu kilichotokea kwenye simu kionekane ukutani. Mshai abaki ofisini, na nikishafika kwenye habari ya maonyo, yeye aizime seva kwa makusudi, ujumbe uingie mbele ya wageni, tucheke, niijibu, iamke, watu wapige makofi. Kikapu cha mkonge nacho nikakileta, nikakiweka kwenye meza ya mbele kama maonyesho, na simu za wenzangu ndani, zimezimwa.

Nikiwa bado nahangaika na projekta, wageni ndio wanaingia, simu ya ofisi ikaita. Namba siijui. Nikakata. Ikaita tena, nikakata. Mwakio alikuwa karibu yangu anapanga viti, akauliza ni nani huyo, nikamwambia ni mgeni amepotea njia. Ikaita mara ya tatu na mkurugenzi wa wafadhili alikuwa anakuja kunisalimia, nikaiweka isilie kabisa, nikamwambia Mwakio huku nimeshanyoosha mkono wa salamu, "Kama ni muhimu ataandika."

Akaandika.

Lakini kwanza niliongea, na niliongea vizuri, hilo nalo linaniuma. Nilieleza saa za kimya, nikainua kikapu wakakipiga picha. Nikaeleza jinsi Mzee alivyopata jina, nikamwambia Mwakio pale mstari wa mbele ainue mkono, wakampigia makofi. Nikaeleza maonyo, nikasema hata sasa mnaweza kumwona Mzee akituacha mbele ya macho yenu, nikageuka kuangalia ukuta kama mtu wa mazingaombwe, na kweli, ujumbe ukaingia, maandishi makubwa ukuta mzima.

"Mzee ametuacha."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi ndiye niliyewafundisha kucheka hapo, walicheka kwa kunitii. Namba iliyouleta haikuwa na jina, lakini laini ya seva tulikuwa tumeibadilisha wiki hiyo kwa sababu ya mtandao mbovu na sikuwa nimeihifadhi, na hata hivyo nani anaangalia namba ya ujumbe anaoungojea? Sikuona hata kwamba lile neno la pili, la msilie, halikuwepo.

Mwakio akasimama. Nikasema kwenye maikrofoni, "Mnaona? Mwenye Mzee ameshasimama." Wakacheka zaidi. Yeye alikuwa anaangalia ukuta, anaisoma ile namba, na mimi vidole vyangu vilikuwa vinaandika jibu, herufi moja moja zinatokea ukutani watu wakizisoma kwa pamoja kama darasa la watoto. "Amka mzee, wacha uvivu, kuna wageni." Nikatuma.

"Kyalo," Mwakio akasema, polepole, "hiyo ni namba ya Wawuda."

Wawuda ni dada yake. Mimi jina nililisikia, lakini kichwa kilikataa kulipeleka mahali pake, nikabaki natabasamu, na tabasamu bado liko usoni ujumbe mwingine ukaingia.

"Unamwambia nani aamke? Huyu ni Wawuda. Mwambieni Mwakio baba amefariki."

Kicheko kilikufa kwa zamu, walioko mbele kwanza, halafu katikati, na nyuma kabisa kuna mtu mmoja alikuwa bado anacheka kwa sababu hakuwa na miwani. Nilitaka kuondoa yale maneno ukutani. Nikakimbilia swichi, nikazima, feni zikasimama. Nikazima nyingine, zikazimika taa, na giza lilipoingia yale maneno yakasomeka vizuri zaidi. Na Mshai naye, maskini, ambaye alikuwa amechelewa kwa sababu kulikuwa na ujumbe wa kweli kutoka Chala na hakutaka kuizima seva kabla majirani hawajaarifiwa, wakati huo ndio akaizima, kama tulivyokubaliana. Chini ya maneno ya Wawuda yakatokea ya kwangu, niliyoyaandika kwa mkono wangu nikijicheka. "Mzee ametuacha. Msilie, atarudi."

Mhudumu wa hoteli ndiye aliyekuja akachomoa waya wa projekta. Mwakio alikuwa ameshafika kwenye kikapu. Simu zetu zilifanana zote, akawa anatoa moja anarudisha, anatoa nyingine, na hakuna aliyejua kama ni heshima kumsaidia au kumwacha. Akaipata yake, akaiwasha, na ile simu ikacheza mlio wake wote wa kuwaka, ule wa furaha, mpaka mwisho, ukumbi mzima kimya. Hiyo ndiyo saa ya kimya ninayoikumbuka.

Nilimpeleka nyumbani kwa gari langu. Sikuwa na haki ya kumpeleka lakini sikuwa na uso wa kumwachia mtu mwingine. Tulipita Mwatate, na tulipoanza kupanda ndipo akaniuliza ni mara ngapi nilikata. Nikamwambia mara mbili, na ya tatu nikaizima sauti. Akaitikia kwa kichwa. Ile simu ya ofisi ilikuwa kati yetu, pale karibu na gia, nilikuwa nimeitupa hapo nikaisahau, na ndipo ikawaka, maana Mshai alikuwa ameshairudisha seva na hakuna aliyemwambia kitu. "Mzee amefufuka, haleluya." Mwakio aliisoma. Aligeuza uso dirishani na mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi niliendesha gari nikiwa nalia pia, lakini kilio changu ni cha nani basi, babake mimi simjui.

Ronge walikuwa wameshaanza kujaa. Habari yangu ilikuwa imenitangulia, sijui kwa njia gani (Voi na Ronge zina mtandao wao ambao hauzimiki), kwa sababu nilipoketi kwenye kiti cha plastiki pale uani baba mdogo wa Mwakio aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetaka kujua wageni ni akina nani, "Ndiye huyu aliyemwambia marehemu aache uvivu?" Mtu akasogeza kiti chake. Marehemu, mtu aliyekesha shambani maisha yake yote mbele ya tembo, nimemwita mvivu.

Wawuda alinikuta nyuma ya nyumba, nilikuwa nimeshika birika la chai nikitafuta cha kufanya. Nilitegemea anitukane na ningepokea. Badala yake alinieleza tu, tena bila kuniangalia. Asubuhi hiyo Baba aliamka ana nguvu, akanywa uji, akasema apigiwe Mwakio. Hakuwa na neno kubwa la kumwachia. Tangu tuanze ile programu Mwakio alikuwa anampigia kila asubuhi na kumsomea ujumbe wa wakulima, tembo walipita wapi usiku, wangapi, wamekula kwa nani, na Mzee akishasikia ndiyo anasema haya, sasa tulale. Tulipoweka saa za kimya Mwakio akawa anampigia mchana. Mzee alilalamika kidogo, kwamba habari zinafika zimepoa, lakini akasema kazi ni kazi.

"Alitaka kusomewa tu," Wawuda akaniambia. "Alipoona hupokei akasema basi niandike, Mwakio atapiga. Sikuwahi. Nilipoishika simu nikaandika lingine."

Nilienda kwa mama yao kumwomba msamaha, maana sikujua pengine pa kwenda. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na wenzake, nikapiga magoti, nikaanza kueleza, na nikagundua haielezeki. Kumwambia mama wa Ronge siku aliyofiwa na mumewe kwamba kuna mashine Voi yenye jina la mumewe, na hiyo mashine hufa, na mtu akiiandikia amka inaamka, niliyasema nikayasikia yalivyo. Nikanyamaza katikati. Nikasema tu, "Mama, mimi ndiye niliyemwandikia aamke. Nisamehe."

Akaushika mkono wangu, mkono wake ulikuwa bado na unga.

"Hata mimi nilimwambia hivyo hivyo, mwanangu," akasema. "Nilimwambia amka, amka, mpaka wakanitoa. Alikataa."

Akaniachia mkono, akaniuliza kama nimekula.

Tulimzika wiki iliyofuata na mimi nilibeba viti, nikachota maji, nikakaa nyuma. Mwakio aliporudi kazini nilikuwa nimeshafuta maneno yangu yote ya kipuuzi, sasa seva ikizimika inasema imezimika, basi. Jina nalo nilitaka kulifuta. Ndipo Mwakio akanikatalia jambo kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema jina si lako, ni mimi niliyelitoa, liache. Likabaki. Yale ya semina ya Mombasa bado ninayo kwenye faili na kwa kweli mengi ni mazuri, lakini sikutwi tena nikimfundisha mtu mzima namna ya kufurahia kazi kwa kumnyang'anya simu yake. Kikapu cha mkonge yule mama wa chapati anawekea vitunguu.

Na kuna kitu kimoja sasa hufanyika ofisini kwetu ambacho hakiko kwenye semina yoyote. Asubuhi, kazi imekolea, kila mtu ameshika uzi wake, simu ya Mwakio inaita. Ni mamake, kutoka Ronge, anauliza tembo walipita wapi usiku. Hana hata shamba la kuogopea siku hizi. Mwakio bado huwa anasita, ananitazama kidogo, mazoea ya zile saa za kimya, na mimi kila mara ninaacha nilichokuwa naandika hata kama kitapotea chote, ninamwambia neno moja ambalo nilipaswa kujiambia mwenyewe asubuhi ile karibu na projekta. Pokea. Anapokea, anamsomea yote, wa Chala, wa Mwatate, wa huku chini, na sisi watatu tunangoja kimya mpaka amalize.